Kalori za Mogesi

Kila asubuhi, kabla mume wangu Faridu hajatoka msikitini, nilikuwa nainama kwenye sinki la jikoni na kujikamua maziwa. Yalitoka ya moto, yakateremka juu ya mabaki ya wali wa jana na mapovu ya sabuni, nami nikafungulia maji yaende zake. Halafu nikajifunga kanga kifuani, nikakaza mpaka kuvuta pumzi ikawa kazi. Binti yangu Maua, wa miezi mitatu, alikuwa chumbani ananyonya chupa. Mpaka leo nikikumbuka harufu ya lile sinki naenda kufungua dirisha.

Nilitaka kupungua. Nimechoka kusema nusu ya ukweli, kwa hiyo niseme wote: si daktari aliyeniambia nipungue. Walioniambia ni wake za watu wa dhahabu. Miaka ile Nyangoto tulikuwa tunakula mpaka tunahema, sisi ambao waume zetu walikuwa na makarasha ya kusaga mawe, kisha tukaambiana kwamba unene ni ushamba. Tukafungua kundi kwenye simu, tukamleta kocha Ashiraf kutoka Turwa, akatuletea kila mmoja saa ya mkononi inayohesabu kalori.

"Kila siku choma mia tano," alituambia. "Jioni piga picha ya saa, tuma kwenye kundi. Aliyezembea tutamwona."

Akaongeza kwamba mama anayenyonyesha hapungui, njaa haimpi nafasi. Nikamwamini, mwanamume ambaye hajawahi kukamua hata mbuzi.

Siku ya kwanza niliruka kamba nyuma ya nyumba mpaka magoti yakawaka, nikapata mia moja na hamsini. Teresia, ambaye mume wake alikuwa mnunuzi wa dhahabu, alituma mia sita na kikatuni cha kucheka. Nilinuna siku nzima, nikamalizia hasira zangu kwenye sahani ya maandazi.

Nyuma ya ukuta wetu ndiko wanawake walikokuwa wakiponda mawe kwa nyundo, yawe madogo ya kuingia kwenye karasha la Faridu. Mmoja wao aliitwa Mogesi. Alitoka Mbalibali akimfuata mume aliyekuja kuchimba, na mume akasikia habari za machimbo mengine, akaenda, asirudi. Mtoto wao wa kiume, Waitara, alikuwa analala juu ya gunia nyuma ya mama yake, chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Siku moja Mogesi alinifuata getini.

"Shikamoo, mama Maua."

"Marahaba."

"Maziwa yananikauka, mama. Nikinyonyesha, mtoto analia tu. Kama ndani kuna kazi ya kufua, nisaidie."

Nilimwangalia mikono. Ilikuwa myembamba na migumu, mishipa imetuna mpaka kwenye viwiko. Watu hupenda kusema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia mtu, nilibuni mwenyewe.

"Kufua hakuna," nikasema. "Vaa hii saa asubuhi, unirudishie jioni. Ukifika mia tano kila siku, Jumamosi nakupa kopo la maziwa ya mtoto."

"Mia tano za nini, mama?"

"Wewe ponda tu. Saa inajua yenyewe."

Jioni ile saa ilirudi na kalori elfu moja na mia tatu. Nikapiga picha, nikatuma. Kundi zima lilinipigia makofi, Teresia hakutuma kikatuni, na kocha akaandika kwamba wengine waige mfano wa Saida. Kesho yake akanipandishia lengo, mimi peke yangu: elfu moja na mia tano, kwa sababu uwezo ninao. Nami nikatoka getini kwa kandambili zangu nikampandishia Mogesi. Hakuuliza kwa nini. Alianza kuja saa kumi na moja alfajiri, na mimi nikiwa naelekea kwenye sinki nilikuwa naisikia nyundo yake.

Jumamosi mbili alipata kopo lake. Wiki ya tatu homa ikamshika, na Alhamisi akaishia mia tisa. Jumamosi alikuja na mtoto mgongoni, amenawa uso, amejifunga kitambaa safi kichwani. Nilikuwa nimeshika kopo.

"Alhamisi hukufika," nikamwambia.

"Nilikuwa na homa, mama."

"Makubaliano ni makubaliano, Mogesi."

"Sawa, mama. Wiki hii nitafika."

Nikarudi ndani na kopo langu, nikalipanga kabatini pamoja na mengine sita. Ndiyo, sita. Halafu nikala chapati mbili na rosti ya maini, kwa sababu nilijiona nimefanya kazi wiki nzima. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili.

Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya kupima watoto. Nilikaa kwenye benchi la zahanati na Maua wangu aliyenona, nikamwona Mogesi mbele yangu kwenye foleni, vumbi la mawe limemganda mpaka kwenye kope. Nesi Bernadetha alimtundika Waitara kwenye mzani. Miguu ya mtoto ilining'inia bila kupiga teke.

"Kilo nne na nusu, na miezi mitano," nesi akasema. "Mwezi uliopita ilikuwa hii hii. Unanyonyesha?"

"Najaribu."

"Unafanya kazi gani?"

"Naponda mawe."

"Leo pia umeponda?"

"Kidogo tu. Tangu alfajiri."

Nesi alimshika Mogesi mkono kuangalia kwenye kucha kama amepungukiwa damu, akaiona saa. Mogesi akavuta kanga kuifunika.

"Hii je?"

"Nimeiokota."

Wakati huo huo saa ikatetemeka, kioo kikawaka. Nesi aliinamisha kichwa akasoma polepole, akitafsiri yale maneno ya Kizungu: "Hongera, Saida. Umefika nusu ya lengo." Akainua macho. "Saida ni nani?"

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka pale. Nikaanza kumfunga Maua vifungo vya sweta, vile vile ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Ameiba huyo," na mwingine akasema ndiyo tabia yao hawa wanaokuja kufuata machimbo. Nikavifungua vifungo, nikavifunga upya. Mogesi hakunitazama hata mara moja. Angenitazama, ningepata mtu wa kumkasirikia.

Ndipo Waitara akalia. Hakikuwa kilio cha kuita mtu, kilikuwa kisauti cha kitoto cha paka. Lakini mwili wangu ulikisikia. Maziwa yaliruka yenyewe, yakapita kanga niliyoikaza, yakapita gauni langu la bluu, na doa likapanuka kifuani mbele ya watu wote. Nilijaribu kulificha kwa mkoba. Nesi Bernadetha aliliangalia lile doa, akaangalia kadi iliyokuwa mapajani kwangu, yenye jina langu juu. Hakuuliza tena Saida ni nani.

"Umepimwa virusi lini?" akaniuliza.

"Mwezi uliopita. Hapa hapa."

Akaichukua kadi, akaisoma, akanirudishia. "Unakunywa dawa yoyote?"

"Hapana."

"Fungua hiyo kanga."

Sasa Waitara ana miaka minane. Ananiita mama, na siku ya Idi anakula pilau sahani moja na Maua, kwa sababu nilimnyonyesha miezi mingi, na shehe alituambia hao ni ndugu wa kunyonya na hawawezi kuoana. Faridu anapenda kuwasimulia wageni jinsi mke wake alivyomwokoa mtoto wa mponda mawe, na wageni wananiombea pepo. Wakianza, mimi naenda jikoni. Mogesi, ambaye siku hizi anakaanga samaki pale senta, hajawahi kumwambia mtu kuhusu saa wala kuhusu kopo.

Na hakuna anayejua kwamba siku ile, nilipopewa yule mtoto, nilisikia kinyaa. Alinuka mkojo na maziwa yaliyochacha, kamasi zimekauka mdomoni, vumbi limejaa kwenye mikunjo ya shingo. Niligeuza uso ukutani. Nilimpa ziwa kama mtu anayenyoosha mkono ufungwe kamba, na alilikamata kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo.

Mogesi alikaa sakafuni karibu na miguu yangu. Alikuwa ameivua saa, ameishika kwa vidole viwili, anaigeuza huku na huku, maana hakujua kuisoma. Alisubiri nesi aende kwa mtoto mwingine. Halafu akanisogelea, akaninong'oneza.

"Mama Maua, nikimsubiri mpaka ashibe, leo nitafika?"