Ndoo Moja ya Maji Sebuleni

Wifi yangu alishamwita fundi wa mazulia bila kuniambia. Niliwakuta sebuleni, yeye mikono kiunoni, anamwonyesha pa kuanzia.

"Anatumia unga wa kusafishia," akasema. "Ananyunyiza, anasugua, anafyonza kwa mashine. Mchana wageni wangu wanakanyaga."

"Zulia hili linaoshwa kwa maji."

"Likauke keshokutwa? Bosi wangu akae wapi, kwenye sementi?"

"Viti vipo. Au hajazoea viti?"

Fundi akainama, akajifanya anakagua waya wa mashine yake.

Zulia lenyewe aliliacha mama mkwe pamoja na nyumba: jekundu, zito, linajaza sebule ukuta hadi ukuta. Binti yangu mdogo anacheza hapo kwa sababu hana pengine pa kuchezea. Tangu tuhamie, kifua chake kinapiga mluzi. Asubuhi ile alikuwa ameshavuta dawa yake ya pumu kabla ya chai, na hata wakati tunabishana nilikuwa namsikia chumbani, anakohoa kile kikohozi kikavu kisichotoa kitu.

Mume wangu akatokea na mswaki mdomoni. "Jamani. Fundi mwenyewe anasemaje?"

"Njia ziko tatu," fundi akasema. "Unga, hukawii. Povu, jioni limekauka. Maji, linatoka nje, linaoshwa mpaka ndani, ila mtalisubiri. Mwenye nyumba achague."

"Umesikia, wifi?" akasema wifi. "Mwenye nyumba. Hii ni nyumba ya mama yangu, na zulia ni la mama yangu. Wewe umekuja na masanduku na hiyo diploma yako."

Nikamtazama mume wangu. Akarudi bafuni kutema dawa ya meno. Alitema kwa muda mrefu sana.

"Mama hakulimwagia maji hata siku moja," wifi akaendelea. "Kila wageni wakija alilinyunyizia unga wake, akalipiga ufagio mgumu, nyumba nzima ikanukia. Nami nafanya vilevile. Umewahi kusikia mgeni analalamika?"

"Unga gani?"

"Sabuni ya unga."

"Ya kufulia?"

"Ya kufulia, ndiyo. Kwani sabuni si usafi?"

Fundi akaacha waya. "Dada, hiyo sabuni mnaitoa na nini?"

"Si nimesema ufagio."

Chumbani mtoto akakohoa tena. Mimi nilidhani nyumba hii inanukia sabuni kwa sababu tunafua. Kumbe miaka yote hiyo wameisukuma ndani ya manyoya ya zulia, na mwanangu anagaragara juu yake akiivuta.

"Haya, fundi, anza," wifi akasema. "Unga."

Fundi akafungua kopo. Mimi nikaenda jikoni. Ndoo ya maji ilikuwa imejaa, nilitaka kuoshea vyombo. Nikaibeba mpaka katikati ya sebule, nikaimwaga yote.

"Una wazimu wewe?" wifi akasema, akaruka na viatu vyake.

"Fundi, unga unafanya kazi kwenye zulia lililolowa?"

"Hapana, mama. Unakuwa uji."

"Basi tumeshachagua."

Wifi alishafungua mdomo kunijibu, macho yakamshuka chini. Pale nilipomwaga, zulia lilikuwa linatoa povu. Hakuna aliyelitia sabuni asubuhi ile. Fundi akalikanyaga kwa kisigino, povu likachuruzika jeupe, zito, likatambaa mpaka miguu ya meza.

"Umefanya makusudi kuniaibisha," wifi akasema, sauti chini.

"Makusudi, ndiyo. Aibu ni yako, sikuileta mimi."

Mume wangu na fundi walilikunja, wakalikokota mpaka uani. Walilisuuza na kulisuuza, maji yakiendelea kutoka na povu. Wageni walikaa kwenye viti, miguu juu ya sementi yenye unyevu. Bosi aliuliza kama bomba limepasuka. Wifi akamwambia ndiyo.

Hajanisemesha tangu siku hiyo. Akitaka chumvi anamtuma kaka yake. Kifua cha mtoto hakijanyamaza kabisa, lakini leo amekunywa chai yake yote kabla ya kuomba dawa. Zulia bado limeanikwa kwenye ukuta wa ua. Siwazuii kulirudisha. Nikinusa sabuni ya unga humu ndani, ndoo iko nyuma ya mlango, na imejaa.