Rekodi ya Marehemu Bernadi

Kwa miaka mitatu komputa ya marehemu Bernadi haikuzimwa hata dakika moja, na mjane wake Walburga alikwisha kuuzoea mvumo wake kama wanawake wengine wanavyozoea mume anayekoroma.

Ilikuwa komputa ya kizamani, kinanda kinene kilichounganishwa na televisheni, isiyo na mahali pa kuhifadhi chochote ukishaizima. Bruda mmoja Mjerumani wa misheni alimwachia Bernadi alipokuwa anarudi kwao, pamoja na kaseti moja yenye gemu. Humo kijitu chekundu kilizunguka mapangoni kikiokota funguo na kukwepa popo, kila ufunguo pointi kumi. Bernadi alikuwa fundi wa mtambo wa maji ulioipa umeme misheni na nyumba za wafanyakazi wake. Jioni moja ya mwaka tisini na tisa alicheza, akaandika jina juu kabisa ya orodha: BERNADI 4310. Akaiacha mashine inawaka. Asubuhi yake presha ikamwangusha palepale mtamboni, hakuinuka tena.

Jina lile lilikuwa linaishi kwa umeme tu. Ukizima, limekwenda. Basi ikawa haizimwi. Umeme ukikatika, betri ya gari ilishika zamu kwa saa nne. Wageni wakija kutoka Mpepai au Kingerikiti walipewa maji ya kunywa, kisha televisheni iliwashwa wasome. Shemeji yake, Mzee Mansuetus, mkubwa wa ukoo, alikwisha kutangaza kila kilabuni kwamba hakuna Mmatengo mwingine aliyewahi kufika elfu nne mia tatu na kumi. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuna Mmatengo mwingine aliyekuwa na kitu hicho.

Kisha likaja tangazo kanisani: mtambo utasimama wiki tatu kubadilishwa shafti, ule mhimili wake unaozunguka, kuanzia Jumamosi saa sita mchana. Walburga hakuimba wimbo wa kutokea. Mume wake alikuwa amebaki namba nne na herufi saba, na hizo nazo zilikuwa zinakwenda.

Alipanda gari mpaka Mbinga mjini kumtafuta Cleopa, kijana wa Kianglikana kutoka kule ziwani, aliyefungua chumba cha kuchapa barua tangu biashara ilipoachiwa huru na komputa za mtumba zikaanza kumiminika kutoka Dubai. Ijumaa asubuhi Cleopa akaja na komputa yake ndani ya pikapu, imefungwa kwa godoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Utaliokoa jina?"

"Jina lenyewe halitoki mle, mama. Ila ninayo programu inayofanya komputa yangu ijifanye ile ya marehemu. Gemu ni lilelile. Mtu acheze upya, afike palepale, aandike Bernadi, halafu tunahifadhi. Umeme ukikatika hata mwaka, jina lipo."

Mzee Mansuetus aligonga fimbo sakafuni. "Ijifanye? Mdogo wangu akakae ndani ya kitu kinachojifanya? Ukoo hautaki. Tafuteni jenereta!"

Bei ya kahawa mwaka ule ilikuwa ya kuliza, na mzee alijua vizuri kwamba jenereta asingeitoa yeye. Walburga alimgeukia.

"Shemeji, hilo jina la Mansuetus si lako. Ni la babu yako, baba wa marehemu mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anakuita baba na ungali unatambaa, na firigisi ya kuku ulikuwa unapewa wewe. Nani aliwahi kukwambia unajifanya?"

Mzee alikohoa sana. Mwishowe akakubali, kwa sharti: ziwe elfu nne mia tatu na kumi kamili. Zikipungua ni tusi kwa marehemu, zikizidi huyo ni mtu mwingine.

Cleopa akaketi kujaribu tu. Chai ilikuwa bado haijapoa, akawa na elfu saba.

Watu waliojaa sebuleni walitazama dari, walitazama kalenda, mradi wasimtazame Mzee Mansuetus.

"Hizi mashine za Dubai," alisema mzee, "zinahesabu vibaya."

"Basi nitacheza taratibu," alisema Cleopa kwa huruma, "nikifika namba yenu nakirusha kijitu shimoni."

Katekista Ignatio, aliyeitwa kuwa shahidi, akainua mkono. "Unakirusha? Kwa makusudi? Bernadi alizikwa kwa misa. Hakujiua."

"Au niiandike tu namba, dakika moja."

"Huko ni kughushi," alisema Walburga. "Inuka, baba. Nicheze mwenyewe."

Hakuwahi kugusa vitufe vile maishani; alikuwa anafuta vumbi pembenipembeni tu. Ijumaa ile alikufa kwa pointi kumi, kwa ishirini, kwa sifuri. Cleopa alimwonea imani. Alimwonyesha kwamba komputa yake ina jambo ambalo ile ya zamani haina: unaweza kuhifadhi katikati ya mchezo, na ukifa unarudi ulipohifadhi. Wote walimtazama katekista. Ignatio alifikiri, akasema kuanguka na kuinuka si dhambi, ndiyo maana kuna kitubio. Walburga akaanguka na kuinuka mpaka jua likazama, na Jumamosi asubuhi akaendelea kabla hajanawa uso.

Saa sita kasoro robo, kijitu chekundu kikaokota ufunguo na namba ikasoma 4310.

Mbele palikuwa na mlango wazi, juu popo wawili wanazunguka. Asisogee mbele, kuna ufunguo mwingine, atazidisha. Asijiue, katekista yupo. Afe tu kihalali. Lakini vidole vyake, vilivyokuwa vimejifunza kukwepa kwa siku moja na nusu, havikukubali kuacha. Popo walishuka, akawakwepa. Wakashuka tena, akawakwepa.

Walburga alijua Bernadi alikufaje pale. Alikuwa amelijua hilo kwa miaka mitatu bila kumwambia mtu. Jioni ile yeye alikuwa jikoni, amepika ugali na dagaa wa ziwani, akamwita mume wake. Hakuitikia. Akamwita tena kwa ukali, na Bernadi akageuza kichwa akasema, "Nakuja," na popo wakamchukua. Alikuja mezani anacheka. Kulipokucha akafa, na Walburga akabaki na hakika kwamba mchezo wa mwisho wa mume wake aliuharibu yeye. Kila alipowaonyesha wageni namba ile ilimchoma.

Sasa alikuwa ameshika vitufe yeye. Akaona kile ambacho hangeweza kukiona akiwa jikoni: mlango ulikuwa wazi, na mikono haitaki kabisa kuacha. Bernadi angeweza kusema subiri. Wanaume wote husema subiri. Yeye aligeuka kwa sababu alitaka kwenda kula na mke wake. Machozi yakaanza kumtoka, na bado anakwepa.

"Shemeji," alisema, "niite nile."

"Nini?"

"Niite nile! Haraka!"

Mzee Mansuetus hakuelewa, lakini aliona saa ukutani. Akapaza sauti kana kwamba anaita mtu wa mlima wa pili. "Walburga! Chakula tayari!"

Walburga akageuza kichwa. "Nakuja," alisema.

Nyuma yake ukalia ule wimbo mfupi wa kufa. Namba haikusogea.

"Hajajiua," alitamka Ignatio. "Ameitwa, akaitika."

Aliandika jina herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja, na Cleopa akahifadhi mara tatu. Mtambo ulikuwa bado na dakika kadhaa, lakini Walburga hakuungoja. Alikwenda kwenye mashine ya zamani, akaizima kwa mkono wake, na nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Na hicho chakula kiko wapi?" aliuliza Mzee Mansuetus, ambaye sasa njaa ilikuwa inamuuma kweli.

Hakikuwepo. Walburga alijifuta macho kwa kanga, akaingia jikoni kuwasha moto, akawaambia wakae, atawaita.