Kona Nyeusi ya Kanisa

Ufa ulionekana Alhamisi asubuhi, siku tatu kabla ya Mchungaji kuja kufungua kanisa, na jua lilikuwa halijafika utosini kila mtu alipokuwa ameshajua wa kumlaumu.

"Fundi!" Mzee Kofia aliita kutoka mlangoni, sauti ile ile ya kufukuzia mbuzi shambani. "Hebu njoo uone kazi ya mikono yako."

Fundi alikuwa ameuona kabla yao. Alfajiri aliingiza kidole pale, kikaingia chote. Kona ya mashariki, nyuma ya mahali pa mimbari, ilikuwa imeachana kutoka chini hadi juu kama suruali iliyofumuka mshono, na kwenye uwazi wake aliona mahindi ya jirani yakicheza na upepo.

Kanisa lile lilikuwa na wazazi wawili wasiosalimiana. Watu wa Juu, wakazi wa kilimani, walisema injili ilianza kwao, maana mwinjilisti wa kwanza alilala kwao. Watu wa Chini, ng'ambo ya kijito, walisema alilala kule kwa sababu ya mvua tu, na aliyebatizwa wa kwanza alitoka kwao. Miaka mitano waliabudu katika jiko la kuokea mikate la dada yake Fundi, mjane ambaye kila mtu alimwita Mama Mikate. Nyumba yake ilikuwa kando ya daraja, si juu si chini. Wa Juu walikaa kulia kwa tanuri, wa Chini kushoto, na wakati wa kuimba kila upande ulijitahidi kuumeza mwingine kwa sauti, mpaka unga ukawa unaruka kwenye rafu.

Mchungaji, ambaye alifika mara mbili kwa mwaka na pikipiki yake, akachoka nao. "Jengeni nyumba moja," alisema, "nami nitawafungulia kusanyiko. La sivyo nafuta jina lenu kitabuni."

Wakajenga, kila upande ukifyatua na kuchoma matofali yake. Ya Juu yalitoka mekundu, ya Chini yalitoka meupe meupe kama biskuti. Kuta mbili za Juu, mbili za Chini. Zilikutana mahali pawili tu: mlangoni, ambapo fremu ilizitenga, na kwenye kona ya mashariki.

Hapo ndipo Fundi aliposimamisha kazi. "Kona inafungwa, wazee. Tofali la huku liingie ukuta wa kule, la kule liingie huku, kama vidole vya mikono miwili."

"Tofali letu lilaliwe na la wale?" Mzee Kofia aliuliza. "Thubutu."

Mzee Miwani, msemaji wa Chini, alifuta miwani yake kwa pindo la shati. "Na letu halitambeba mtu. Zijenge zikae karibu karibu, inatosha. Nyumba ya Mungu haianguki."

Ilikuwa mara ya kwanza wazee wale kukubaliana neno lolote. Naye Fundi alikuwa amezunguka miaka thelathini na mwiko wake begani, amefukuzwa sehemu nne, na mkeka aliolalia kwa dada yake ulikuwa bado na harufu ya duka. Akasema, "Sawa."

Ile sawa ndiyo iliyomrudia sasa, Alhamisi, wakati wazee wawili walipomsimamisha katikati ya kanisa tupu.

"Tapeli," alisema Mzee Kofia.

"Tapeli mzururaji," aliongeza Mzee Miwani, ili asipitwe. "Jumapili utasimama mbele ya Mchungaji. Vifaa vyako vitabaki hapa, na wewe utatolewa ushirikani. Na dada yako, aliyetuletea mzigo huu, naye atakaa nje."

"Dada yangu amekosa nini?"

"Amekuzaa upya," alisema Mzee Kofia, na watu wa pande zote mbili wakacheka.

Mama Mikate alikuwa ameshapata habari. Fundi alimkuta anakanda unga kama mtu anayemnyonga adui.

"Ulijua itaachana?"

"Nilijua."

"Ukajenga."

"Waliniamuru, dada."

"Wangekuamuru ule unga huu mbichi ungekula?" Aliubwaga mezani. "Miaka mitano, kaka! Miaka mitano wananimwagia matope sakafuni, wanakalia magunia yangu, wanaimba kama vyura, nami nanyamaza. Leo nikae nje ya kanisa lililozaliwa jikoni mwangu, kwa ajili ya mdomo wako usiojua kusema hapana!"

"Basi nitaondoka leo. Waseme nimekimbia. Hawatakugusa."

"Ondoka. Si ndicho unachokijua?"

Begi lake la safari lilikuwa msumarini, nyuma ya mlango. Fundi alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini, akaanza kusafisha mwiko wake, ingawa ulikuwa safi.

Jumapili Mchungaji alifika amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwahi hata kunywa maji. Wazee walimvuta mpaka kwenye kona, huyu mkono wa kulia, huyu wa kushoto, wakimweleza jinsi walivyotapeliwa. Watu walijaa nyuma yao, wa matofali mekundu upande wao, wa meupe upande wao. Mama Mikate alisimama nje ya dirisha, mikono kiunoni. Alikuwa amezuiwa mlangoni na wamama aliowafundisha kusoma.

"Fundi, una la kusema?" Mchungaji aliuliza.

"Ninalo moja. Kabla hujanihukumu, nitafutie hapo tofali lililovunjika."

"Anatupotezea muda," alisema Mzee Miwani.

Lakini Mchungaji alishainama. Alipitisha kidole kwenye ufa kutoka chini, akapanda nao taratibu, akaomba kiti, akasimama juu yake, akafika kwenye mbao za paa. Akashuka.

"Sijaliona."

"Msingi ukizama, tofali hupasuka. Udongo ukiwa mbovu, hupasuka vilevile. Hapa yote ni mazima. Kuta hizi hazikuwahi kushikana, Mchungaji. Mvua ilipolowesha ardhi kila moja ikaenda zake."

Pikipiki ilisikika ikipoa nje, tik, tik.

"Nani aliamuru zisishikane?"

Mzee Kofia alimnyooshea kidole Mzee Miwani. Mzee Miwani alikuwa ameshamnyooshea yeye. Vidole vilipishana katikati, nusura vitoboane macho.

"Na wewe Fundi ulisema nini?"

"Nilisema sawa. Hilo ni kosa langu, mnaweza kunitoa kwalo. Lakini dada yangu hakusema sawa, na mimi si tapeli."

Mchungaji alivua kofia yake ngumu ya pikipiki, ambayo alikuwa ameisahau kichwani. "Kona hii inafungika?"

"Leo hii. Natoa matofali hapa na pale, naingiza marefu ya kushika pande zote. Nahitaji kumi na nane."

"Nitakaa mpaka jioni. Ikifungwa, nafungua kusanyiko. Isipofungwa, naondoka na kitabu changu, na msinitume mtu."

"Matofali tunayo," alisema Mzee Kofia, "ila hayaingii ukuta wa wale."

"Nani ameyaomba?" Mzee Miwani akajibu.

Wakakunja mikono, na watu wao nyuma yao wakakunja. Fundi alitazama dirishani. Dada yake hakuwapo.

Saa moja na zaidi ilipita hivyo. Watoto walianza kusinzia. Ndipo gurudumu la toroli likasikika likilia kutoka upande wa darajani, na Mama Mikate akaingia nalo kupitia mlango ule ule aliozuiwa, jasho na masizi usoni, na wale wamama wakaruka pembeni kuokoa vidole vya miguu. Torolini kulikuwa na matofali marefu ya kizamani, meusi tititi kwa moshi.

"Tanuri langu," alisema. "Marehemu mume wangu aliyafyatua kwa mkono wake. Si ya Juu, si ya Chini. Asiyetaka yaguse lake aje aniambie mimi, si huyu."

Hakuna aliyekwenda. Alipindua toroli miguuni pa kaka yake.

"Na usidhani nimekusamehe," akamwambia.

Fundi alifanya kazi bila kuinua kichwa. Wazee walimsimamia huku na huku kama askari wa mpakani.

"Hilo limeingia kwetu sana!"

"Kwetu limeingia zaidi, pima!"

"Kamba yake ya timazi imepinda huyu!"

Alipima. Akapima tena. Jua lilipoanza kulainika, tofali la kumi na nane lilikaa mahali pake, na Fundi akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Hapana, mzee, usiegemee. Udongo bado mbichi." Mzee Kofia akaondoa bega lake.

Mchungaji alifungua kusanyiko kwa sala fupi ya mtu mwenye njaa. Kisha akafungua kitabu. "Kusanyiko lilianzia wapi?"

"Juu!"

"Chini!"

Aliandika neno moja, akafunika kitabu, hakuwasomea. Fundi, aliyekuwa karibu akikusanya vifaa, aliliona: jikoni.

Kona ile haikupigwa lipu, maana kila upande ulikataa kuupaka ukuta wa mwenzake. Weusi wake ulibaki unaonekana, tangu msingi mpaka paa.

Jioni Fundi alikuta msumari mtupu nyuma ya mlango. Dada yake alikuwa amelikalia begi, mbele ya shimo lililokuwa tanuri. Unga ulikuwa umeumuka mpaka umemwagika mezani.

"Unaona? Sina pa kuokea. Hutoki hapa mpaka unijengee jingine."

"Itachukua wiki tatu, dada. Labda mwezi."

"Nimekuuliza? Na kona zifungwe."

Fundi alichukua ndoo na jembe. Mlangoni akageuka. "Udongo nichukue wa Juu au wa Chini?"

"Changanya, mjinga wewe."