Amri ya Wino wa Kijani

Niliota jana mchana, baada ya wali na mbaazi, nikiwa nimelala mkekani na kitabu kifuani. Nataja mchana makusudi, maana ndoto ya usiku watu huisingizia giza.

Kitabu chenyewe kinaitwa Ufalme wa Mizizi, kinene kama tofali la kuchoma. Mtaani kwetu hapa Tabora tunakisoma watu watano, nakala moja, kwa zamu. Kila mmoja ana rangi yake ya wino, na anaruhusiwa kuandika pembeni lolote lililomjia. Sharti ni moja: hakuna kufuta. Ukibadili mawazo, ongeza chini. Mimi ni Nyamizi, fundi cherehani, wino wangu ni wa kijani, na sikuwahi kuongeza chini hata mara moja.

Nilikuwa nimefika sura ya arobaini. Temeko, mzee mshika funguo za ngome, amepigishwa magoti jukwaani akatwe kichwa kwa kosa la kuwafungulia adui lango. Nikashindwa kuendelea. Nikakifunga, nikafumba macho.

Kitabu kikakohoa.

"Kaa vizuri, Mama," kikasema. "Una wageni."

Naketi. Sebule ni ile ile, pazia ni lile lile, ila sakafu imekuwa uwanja wa ngome na watu elfu moja wamesimama kimya. Mwanamfalme Arudi anaingia juu ya simba, shoka mkononi. Simba anauliza afungwe wapi. Namwonyesha mguu wa cherehani.

"Tumekuja kutekeleza amri yako," anasema Arudi.

"Amri gani?"

Kitabu kinajifungua ukurasa wa hamsini na mbili na kusoma kwa sauti ya karani. "Wino mwekundu, Mwalimu Shija: 'Msiharakishe kumhukumu mzee huyu.' Chini yake, wino wa kijani: 'Mwalimu una moyo wa uji. Huyu afe tu, tena taratibu.'"

"Tumejitahidi," anasema Arudi. "Taratibu yako imetuchukua sura thelathini na saba."

Kisha anatoa bahasha. "Hii ni barua ya posa. Ukurasa wa thelathini na moja uliandika, 'Huyu ningeolewa naye hata kesho.' Kesho imefika."

Ni kweli niliandika. Wakati huo alikuwa hajachoma kijiji cha waganga wa mitishamba huku akicheka. Namtazama sasa na uzuri wake wote, na moyo umepoa kabisa.

Uwanja unageuka kuwa posta. Tuko kwenye foleni, na kitabu kimekaa nyuma ya dirisha. Mbele yangu yupo mzee mwembamba, mikono imefungwa kamba. Namjua kabla hajageuka.

"Shikamoo," nasema. Sikuwahi kumsalimia. Nilianzia kwenye matusi moja kwa moja.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kijani?"

"Ndimi, Baba."

"Una mwandiko mzuri," anasema, wala hanikejeli.

Sura ya ishirini na tisa ndiyo iliyoniumbua. Kumbe mzee alifungua lango siku ya mafuriko ili watoto waliobaki nje wasizame, na adui wakapenya nyuma yao. Siku hiyo nililia hadi nikashonea mkono wa gauni la mteja shingoni. Lakini pembeni sikuandika kitu. Mwalimu Shija angesoma, na wiki sita nzima nilikuwa nimemcheka mbele za watu kwa ajili ya mzee huyu.

"Mimi nilimlilia," naliambia dirisha. "Ukurasa wa mia tatu na arobaini. Karatasi imevimba."

"Imevimba," kitabu kinakubali. "Lakini machozi hayana rangi, hatujui ni ya nani. Sheria inatambua wino."

"Basi nipe kalamu."

"Kufuta ni marufuku," anasema Arudi, akinoa shoka kwenye kaunta.

"Sifuti. Naongeza chini."

Foleni nzima inageuka kunitazama. "Huyu?" anauliza simba. "Huyu haongezagi."

Pembeni, chini ya matusi yangu, imebaki nafasi ndogo, na kalamu ni nzito kama pasi ya mkaa. Namfikiria Mwalimu akisoma, na wale wenzetu watatu, na watakaokiazima tukishazikwa. Aibu inanichoma masikio. Naitazama shingo ya mzee, na kola yake iliyochakaa ambayo ningeigeuza kwa dakika kumi. Naandika: "Nilimhukumu kabla ya kumjua. Mwalimu alikuwa sahihi. Aachiwe. Nyamizi."

"Hilo la Mwalimu halikuwa la lazima," kinasema kitabu.

"Najua."

Arudi anaweka shoka chini. "Na ukurasa wa thelathini na moja?"

"Huko nakuja."

Simba anaanza kuifungua kamba yake mwenyewe.

"Hodi! Dada Nyamizi, zamu imeisha!"

Nikaamka. Alikuwa Mwalimu Shija, aliyekisoma wa kwanza, amekuja kukichukua. Akakifungua sura ya arobaini akiwa bado mlangoni, pale alipokuwa ameandika kwa wino wake mwekundu, "Buriani, Temeko." Akapitisha kidole juu ya mstari, mara mbili.

"Dada," alisema, "mzee huyu alikatwa kichwa mstari huu. Nilimlilia, mke wangu shahidi. Sasa imechapwa, 'Temeko akasimama, akapangusa magoti, akaomba maji.'"

Nikamwomba afungue ukurasa wa hamsini na mbili, nikaenda kusimama dirishani nisimwone akisoma. Hakucheka. Alisoma kwa sauti ya chini, "Aachiwe. Nyamizi." Nilimsikia akipapasa mfukoni. Nilipogeuka alikuwa ameketi kizingitini, kitabu gotini, amerudi sura ya arobaini. Chini ya "Buriani, Temeko" alikuwa anaongeza polepole, "Karibu tena."