Upanga Usio na Ala

Mimi na kaka yangu Seth tulinuniana miaka miwili kwa sababu ya upanga ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona. Cheka tu. Hata mimi ningecheka kama ningesikia ni watu wengine.

Ilianzia kwenye matanga ya Mama. Watu wa kanisa walikuwa wamejaa nyumbani kwa wazazi wetu mtaani Jericho, viti vimefika hadi kwa jirani, na Seth akaombwa aseme neno. Badala ya kusema habari za Mama, akaanza ile hadithi ya Mfalme Ragot aliyokuwa akitusimulia Baba tukiwa wadogo. Akasema Ragot aliung'oa upanga wake kwenye mwamba, upanga mtupu usio na ala, akamshinda nao kila aliyesimama mbele yake. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chai. Nikasema kwa sauti, "Upanga gani huo usio na ala? Wewe ulikuwa umelala Baba akisimulia!"

Maana hadithi niliyoijua mimi ilikuwa ya ala, ule mfuko wa kutilia upanga. Ala ya ngozi ya kiboko, na aliyekuwa nayo hakuvuja damu hata akatwe vipi. Upanga wenyewe kwangu haukuonekana hata siku moja. Basi watu wakacheka, Seth akaketi bila kumaliza, na tangu siku hiyo hakunipigia simu. Nami nikasema potelea mbali.

Nina mdomo, sikatai. Kazi yangu ni kupiga chapa hati za viapo karibu na mahakama ya Makadara, na kila siku watu wawili huniletea kisa kimoja kikiwa visa viwili. Nimezoea kuamua nani mwongo kabla hajafika nukta. Seth nilimwamulia hivyo hivyo.

Baba ni Mjaluo wa Ugenya, Mama alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na hadithi zikawa za Kiswahili. Baba alikuwa mtu wa reli, kazi ya zamu. Asubuhi akitoka kazini alimsindikiza Seth shuleni akimsimulia njiani. Jioni kabla ya kuondoka alinisimulia mimi kitandani.

Mwezi uliopita Baba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja tu: ala. Ukimpa uji, ala. Ukimgeuza, ala. Daktari akatuambia tumrudishe nyumbani, siku zake si nyingi. Shangazi Phelister, dada yake Baba anayemuuguza, akatupigia simu sote wawili. "Kuna kitu anakitaka na hatukijui," akasema. "Njooni mkitafute kabla hajaenda nacho."

Mimi nikajiona mjanja. Jumapili iliyofuata, nikitoka kanisani, nilipitia kwa Mmasai anayeuza vitu vya ngozi sokoni, nikanunua ala ya sime, nyekundu, nzuri kabisa. Nikamwekea Baba kifuani. Akaiangalia, akaangalia uso wangu, akaisukuma kwa ule mkono mzima ikaanguka sakafuni.

"Ala," akasema. Machozi yakamjaa. Jameni, niliumia.

Hapo ndipo Seth akaingia, na mfuko wake wa spana begani. Ni fundi wa mabomba huko Huruma, na hata Jumapili ana watu wa kuhudumia.

"Niaje, Aluoch."

"Salama."

Baba alipomwona akajaribu kuinuka. "Ala!" akasema kwa nguvu.

Seth akarudi nyuma hadi mlangoni. "Umeona? Ananikemea. Mwezi mzima sijafika, ana haki."

"Hakukemei, anataka ala ya upanga."

"Upanga haukuwa na ala!"

"Wewe ndiye huna masikio!"

Shangazi akapiga meza vikombe vikaruka. "Nyamazeni! Mnapiga kelele juu ya mgonjwa? Hebu niwaambie kitu. Nimezaliwa Ugenya, nimekulia Ugenya, na kwetu hakukuwa na mfalme wa kuitwa Ragot. Huyu aliwatungia nyinyi. Seth, siku ile ulikatizwa. Imalize."

Seth akanitazama kwanza. Nikafunga mdomo wangu, nadhani ni mara ya kwanza maishani.

"Ragot alipigana hadi mkuki ukamwingia ubavuni," akasema polepole. "Akaanguka. Akapaza sauti, 'Ala!' Askari wake wakadhani amewakasirikia, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Kumbe hakuwa anakemea. Alikuwa anaita ala ya upanga wake."

"Ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Alikuwa ameiacha kwa dada yake."

Nilimgeukia Baba. Alikuwa ametulia, macho kwangu, haombi wala halii, anangoja tu.

"Halafu?" nikamuuliza Seth.

"Mimi sijui. Kila siku tukifika hapo tunakuwa tumefika geti la shule. Baba anasema, 'Mwisho wake anao dada yako, muulize.'"

"Mbona hukuniuliza?"

"Wewe? Ungenijibu?"

Miaka arobaini mtu amekaa na nusu ya hadithi, na ile nusu nyingine nilikuwa nayo mimi, naitumia kumtukania. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamshika Baba ule mkono uliolegea.

Nikaanza pale Baba alipokuwa akianzia. Palikuwa na msichana aliyeachiwa ala tupu, asijue ni ya kazi gani. Asubuhi moja akasikia mtu akiita kutoka mbali, neno moja tu. Nilikuwa nikimuuliza Baba, aliyeita ni nani? Naye akinijibu, yupo anayejua. Msichana akavuka mito saba. Watu wakamcheka njiani, kwamba anakimbia vitani na mfuko usio na kitu ndani. Akamkuta mtu amelala kwenye nyasi, peke yake, ubavu ukivuja damu.

"Ragot," akasema Seth. Alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, na uso wake ulikuwa umelowa.

"Ragot. Baba hakuwahi kunitajia jina lake hapo. Msichana akaiweka ala juu ya jeraha, na damu ikakata."

Baba alivuta pumzi ndefu. Midomo yake ilijiandaa kwa lile neno, nikaiona kabisa, kisha ikaachia.

"Halafu mtu yule akalala," nikasema.

Baba akafumba macho. Shangazi alisimama, akajifunika mdomo kwa leso.

Seth aliinama juu ya Baba. Mtu wa miaka arobaini na saba, lakini aliniuliza kwa sauti ya mtoto. "Akaamka?"

Nilitaka kumjibu kwamba aliamka, na Mungu anajua nilitaka iwe kweli.

"Sijui, Seth," nikamwambia. "Kila mara tukifika hapo, mimi nilikuwa nimeshalala."