Ukurasa wa Tisa wa Mwaloni

Glenys Hoyle alichora majalada ya Mwaloni kwa miaka kumi na minane, na malipo yake yalikuwa nakala moja na ahsante. Ndivyo jarida lile lilivyokwenda. Lilikuwa jarida la wapagani, wafuasi wa miungu ya kale, wa mji mdogo wa Todmorden huko Uingereza na vilima vyake, matoleo manane kwa mwaka, moja kwa kila sikukuu, likikunjwa na kubanwa pini jikoni kwa Corin Thackray, ambaye asubuhi aligawa barua za posta na alasiri alikuwa mhariri. Mashairi ya kuusifu mwezi yalimfikia mengi kupita kiasi, na aliyasoma yote, maskini, kwa sababu hakuwa na roho ya kumkatalia mtu.

Sheria ilikuwa moja tu: anayeiba kazi ya mwenzake hapokelewi tena, milele. Ilitungwa baada ya bwana mmoja wa bonde la pili kuleta shairi tamu la majira ya baridi, likapewa ukurasa wa kwanza, kumbe kalitoa kwenye kadi ya Krismasi. Kadi ya Krismasi, jamani! Wapagani wazima waliona haya mwaka mzima.

Kwa Glenys majalada yale ndiyo kitu pekee kilichobaki kuwa chake. Mume alishazikwa, mtoto hakupata, kazi ya kupika shuleni ilikwisha. Lakini mara nane kwa mwaka alikaa mezani, akachonga sungura au kunguru kwenye kipande cha lino, ile zulia laini inayochongwa kama muhuri, akapaka wino, akagandamiza karatasi, na watu mia mbili wakaiona kazi ya mkono wake. Ukimwondolea hilo hujambakizia kitu.

Sasa, Jumamosi moja ya Oktoba Corin alimpigia simu. Alizunguka weee, akauliza habari za goti, akauliza habari za paka, mpaka Glenys akamwambia aseme alichopigia.

"Ile dua uliyoniletea jana na mchoro wake, Bi Glenys. Ya kumsindikiza anayekufa. Umeitunga mwenyewe?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Desmond Pickup kaniletea hiyohiyo Jumanne, neno kwa neno. Nimempigia, ananiambia nikuulize wewe. Naomba tu mmoja wenu aniambie ni ya nani kabla sijachapa kesho kutwa. Sheria unaijua."

Glenys aliweka simu chini bila kuaga.

Ukweli ni kwamba dua ile haikuwa yake wala ya Desmond. Ilikuwa ya kitabu. Yeye na Desmond walikuwa wa kundi moja la ibada, la watu saba, na kiongozi wao, Merle Sutcliffe, alitunza kitabu kilichoandikwa kwa mkono ambacho kila aliyeingia aliapa kutokinakili wala kutoa neno lake nje. Mmoja wao akikaribia kufa, wenzake walikaa kando ya kitanda wakamsomea dua ile. Wanne walisomewa. Merle akawa wa tano, mwezi wa Machi, na kwa desturi kitabu cha kiongozi humfuata, kwa hiyo wawili waliobaki wakakichoma kwenye bustani ya Desmond, katikati ya vitunguu. Kabla ya siku hiyo kitabu kilikaa wiki moja kwa Desmond na wiki moja kwa Glenys. Na Glenys, miungu yake imsamehe, aliinakili dua nyuma ya bahasha.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Atakayetangulia atasomewa na mwenzake. Atakayebaki atakufa kimya. Glenys aliogopa kwamba atakayebaki ni yeye, aliogopa hadi usingizi ukampaa, na akawaza kwamba dua ikichapwa, yeyote mwenye macho ataweza kumsomea, bila kuuliza imetoka kitabu gani. Desmond hatajua, maana jarida halisomi; alizoea kusema Mwaloni ni jarida la watu wenye paka wengi kuliko akili.

Sasa afanyeje? Akisema ni ya kitabu cha kiapo, Corin ataitupa hapo hapo. Mhariri wa kipagani hachapi maneno ya kiapo hata umpe nini. Akisema ni yake, Desmond ndiye mwizi. Alivaa koti akapanda kilima kwenda kwa Desmond, na hasira zikapanda naye.

Alimkuta jikoni, amevaa sweta mbili, chai imepoa mbele yake.

"Umevunja kiapo, we mzee," akamwambia kabla hajaketi. "Tumesimama pale bustanini unatoa machozi, kumbe dua unayo mfukoni."

"Na ya kwako ilikuwa wapi? Kwenye soksi?"

Glenys akaangua kicheko. Desmond naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi chenyewe kikagoma kumwachia. Ndipo Glenys alipomtazama vizuri: sweta mbili kwenye nyumba yenye moto, na mikono imebaki mifupa.

"Mapafu," Desmond akasema. "Daktari anasema majira ya machipuko siyaoni. Usianze kulia, bibie, leso sina."

"Ungeniambia tu. Ningekusomea."

"Utanisomea, najua. Nakala iko kwenye droo hiyo, ilikuwa inakungoja. Kule kwenye jarida sikuipeleka kwa ajili yangu." Akasukuma kikombe pembeni. "Mimi ninaye, Glenys. Wewe nani atakusomea?"

Desmond akaendelea kusema kwamba atamwambia Corin mwizi ni yeye, dua itoke kwa jina la Glenys na mchoro wake, na majalada abaki nayo. Yeye sheria ya jarida itamfanya nini sasa?

"Ufe bonde zima linakuita mwizi?" Glenys akasema. "Kunywa chai yako."

Akaichukua simu ya Desmond mezani, akampigia Corin. Alimwambia dua ni ya Desmond, yeye aliiona kwake akaiiba. Corin akasema sheria ni sheria, sauti inamtetemeka utadhani mwizi ni yeye.

"Miaka kumi na minane, Bi Glenys."

"Idadi naijua," akajibu.

Toleo la sikukuu ya wafu lilitoka na jalada la boga lililochorwa kwa kompyuta, baya kweli kweli. Dua ilikuwa ukurasa wa tisa, na jina la Desmond Pickup chini yake. Desmond alilalamika kwamba herufi ni ndogo. Sokoni, wanawake waliozoea kumsalimia Glenys wakawa wanakagua kabichi anapopita. Iliuma, na hakumwambia mtu.

Desmond alifariki wiki ya pili ya Januari, mchana, na Glenys akamsomea dua yote, taratibu, bila kuruka neno.

Baada ya mazishi alirudi nyumbani, akaukata ukurasa wa tisa, akaubandika ukutani kando ya kitanda chake, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Akaleta kiti akakiweka hapo. Halafu akachukua kalamu, akaandika chini ya dua kwa herufi kubwa: Wewe utakayekaa hapa, tafadhali, nisomee.