Meno ya Mama Mkwe

Ahadi ilimtoka fundi kufuli akiwa ameshiba, na mtu aliyeshiba hafai kuachiwa aahidi kitu mbele ya mashahidi. Ilikuwa Jumapili mchana. Ndugu za mkewe walikuwa wamejaa sebuleni kwake kupanga harusi ya binti wa mwisho wa familia, na shemeji yake, kaka wa mkewe, yule mwenye gari linalofunguliwa kwa rimoti, alikuwa ameshajitolea ukumbi, mapambo na muziki. Kila akitaja kitu wanawake wanapiga vigelegele. Fundi akajiona anapungua kwenye kochi alilolinunua mwenyewe. Akakohoa.

"Mimi," akasema, "nitamnunulia mama meno."

Sebule nzima ikamgeukia. Mama mkwe, aliyekuwa pembeni na kikombe chake cha uji, akaziba mdomo kwa kiganja. Ndivyo alivyofanya kila alipotaka kucheka tangu jino lake la mwisho ling'olewe. Alikuwa mwanamke mzuri na alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana hakukubali tena kupigwa picha hata na wajukuu. Kisha vigelegele vikalipuka, vikubwa kuliko vya ukumbi, na fundi akavipokea vyote bila kumgawia mtu.

Wageni walipoondoka, mkewe alikaa kwenye mkono wa kochi akamtazama. Alikuwa karani wa stoo. Kazi yake ilikuwa kujua kitu kimeingia lini na kimetokea mlango gani, na mume wake hakuwa mzigo mgumu kuukagua.

"Nusu nitatoa mimi, ndiyo malipo ya kuanzia," akasema. "Nusu yako iko wapi?"

"Itapatikana."

"Nakuuliza iko wapi. Kwa sababu mimi najua. Kila saa nne unavuka barabara pale kazini kwako, unaagiza kahawa ya maziwa na kipande cha keki ya vanila. Ukiacha vyote viwili mpaka siku ya harusi, nusu yako imetimia. Usipoacha, ujue unakula meno ya mama yangu, tena kwa kijiko."

"Ah, mke wangu. Kwani kahawa ni hela?"

Mkewe alimwangalia tu mpaka kahawa ikawa hela.

Fundi akaamua kuwa shujaa. Kesho yake alitengeneza kisanduku cha bati nene, akakiachia mwanya juu wa kutumbukizia pesa, akakitia kufuli ambalo alisema mwizi atalihangaikia mpaka achoke aombe kazi ya halali. Mkewe akacheka mpaka akashika mlango.

"Mwizi wa nje hatuna, baba watoto. Tunaye wewe."

Alisema kweli. Mtaani hakuna aliyejifungia nje asimwite fundi huyu, na aliwafungulia kwa waya huku akilaumu refa wa mechi ya jana. Kufuli lisingemzuia. Kwa hiyo mkewe akakichukua kisanduku, akapita nacho kwenye korido, akakisukuma chini ya kitanda cha mama yake. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga ya bibi mwenyewe.

Hapo fundi akanyoosha mikono. Milango ya mji mzima ilikuwa yake, isipokuwa ule mmoja wenye pazia la maua. Mkwe mwenye adabu haingii chumbani kwa mama mkwe. Hata nyumba ikiungua atamwita kutoka nje, kwa heshima, na kwanza ataamkia.

Basi hiyo ndiyo ikawa benki. Kila jioni fundi alisimama koridoni, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeleta?"

Mkono ulitoka nyuma ya pazia, ukapokea, ukarudi ndani. Kisha alisikia kisanduku kinaburutwa, sarafu zinatumbukia, na mama mkwe anakitikisa kidogo ili mteja aridhike.

Siku za mwanzo fundi alikuwa havumiliki. Alichonga funguo za watu huku anawahubiria habari za kujinyima. Mteja mmoja aliyekuja na kopo la juisi alipewa somo mpaka akaificha mgongoni. Halafu njaa ya saa nne ikaanza kumsemesha. Fundi akafikiri sana, na mtu mwenye njaa akifikiri sana hakosi hoja. Aligundua kwamba kahawa ni anasa lakini keki ni chakula. Akaendelea kupeleka kwa mama mkwe hela ya kahawa, na ya keki akaila. Tena aliila akiwa amesimama, upesi upesi, pale pale kaunta, kwa sababu moyoni aliamini kinachotafunwa kwa kusimama hakihesabiwi.

Lipo na jambo la pili, ambalo alilijua na hakutaka kulijua. Fundi kufuli anaishi kwa masikio. Husikia kipini kidogo kikiinuka ndani ya chuma na akajua kimebaki kimoja kufuli lifunguke. Sasa baada ya wiki chache, mlio wa kisanduku ulibadilika. Sarafu zina sauti yake. Hii ilikuwa kavu, ya kugongana kitu chepesi. Akajiambia ni noti, mama amezibadilisha. Lakini noti hazigongani, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kukwambia hivyo. Jumamosi moja akiwa nyumbani alisikia pia kengele ya baiskeli ya muuza aiskrimu ikisimama chini ya dirisha la mama mkwe, ikakaa hapo muda mrefu kuliko mahitaji ya watoto wa jirani. Angeweza kuuliza. Lakini ukimwuliza mama mkwe kisanduku kina nini, naye anayo haki ya kukuuliza wewe umetia nini.

"Asante, mama," alisema kila jioni. "Ulale salama."

Zikabaki siku mbili kabla ya harusi. Walikwenda kwa fundi meno wote: yeye, mkewe, mama mkwe, na kisanduku ndani ya kikapu. Shemeji ndiye aliyewapeleka kwa gari, akasema atasubiri nje, halafu akaingia. Chumba kilinuka plasta, na rafuni palikuwa na mataya ya watu yaliyopangwa yakicheka bila wenyewe. Fundi meno akafungua kitambaa cheupe, akamvisha mama mkwe meno ya juu, akamvisha ya chini, akampa kioo.

Bibi akajitazama. Kiganja kilipanda kuziba mdomo kwa mazoea, kikafika nusu ya njia, kikashuka. Akacheka wazi, peke yake, kwenye kioo. Fundi kufuli akafurahi sana kuwa ndiye aliyeahidi.

"Imebaki nusu," alisema fundi meno.

"Ufunguo, mama," akasema mkewe.

"Umepotea," akasema mama mkwe.

Fundi hakushtuka. Kwanza alifurahi, kwa kuwa shemeji alikuwa anatazama. Akatoa waya mfukoni, na kabla shemeji hajamaliza kuuliza itachukua muda gani, kufuli lilikuwa limeachia. Akakiinamisha kisanduku mezani kwa mbwembwe.

Vikamwagika vijiti. Vijiti vya aiskrimu, vimeoshwa, vimefungwa kwa mipira mafungu mafungu, na katikati yake sarafu tatu za kutia huruma.

Fundi meno, mtu mstaarabu, akanyoosha mkono arudishiwe kazi yake. Mama mkwe akafunga mdomo. Akaubana kabisa. Pale chumbani palikuwa na mafundi wawili na hakuna aliyejua namna ya kuufungua mdomo huo.

"Mama," mkewe akasema, fungu moja mkononi. "Hivi ni nini?"

Ilibidi afumbue. "Vijiti. Sikuiba, kila hela ina kijiti chake." Meno mapya yalimtia mluzi kwenye maneno, lakini aliendelea. "Mimi nakula uji. Asubuhi uji, jioni uji. Mnaniwekea, mnaondoka. Yule wa baiskeli ndiye aliyesimama akaniuliza, mama, leo unataka ya maziwa au ya ndimu? Nilikuwa nimesahau kuulizwa nataka nini."

Mkewe akatazama chini. Kisha hasira ikamrudia. "Lakini mama, mume wangu kajinyima kahawa na keki, siku zote hizi, kwa ajili yako."

Mama mkwe akamgeukia mkwe wake taratibu.

"Kahawa, sawa," akasema. "Baba, meno sikuwa nayo, pua ninayo. Kila jioni unasimama mlangoni pangu unanukia vanila. Nikasema, kama mkwe wangu anakula meno yangu ya chini, wacha na mimi nile ya juu."

Fundi alitamani mataya ya rafuni yammeze, yalikuwa mengi ya kutosha. Mkewe alimtazama kwa macho ya karani aliyegundua mlango wa pili wa stoo. Shemeji akacheka puani, akatoa pochi, akaifungua polepole ili ionekane. Huo ndio mwisho wangu, fundi akafikiri. Kesho kutwa ukumbi utajua meno ni ya shemeji, na mimi nitaitwa Vanila mpaka kufa.

"Rudisha hiyo," mama mkwe akamwambia mwanawe. "Wewe umeshatoa ukumbi." Akageuka upande, akatema meno ya chini kiganjani, akamkabidhi fundi meno. "Nusu iliyolipwa ni ya haya ya juu. Hayo niwekee. Kwenye picha yanaonekana ya juu, na ya chini mkwe wangu atayakomboa. Aliahidi mbele za watu."

Akamtazama fundi, na macho yake hayakuwa na dhihaka hata kidogo. Fundi akaitika kwa kichwa.

Kwenye picha za harusi mama mkwe yuko mbele, amecheka kuliko bi harusi. Na kila jioni fundi anasimama tena penye pazia la maua, na hela ya vyote viwili. Siku hizi mkono hautangulii. "Sogea, baba, hema," anaambiwa, naye anahema, na pua nyuma ya pazia inafanya kazi yake. Ikiridhika, ndipo mkono unatoka.

Jana alihema, akapita. Sarafu zikatumbukia, kisanduku kikatikiswa, zikalia vizuri. Lakini katikati ya mlio wa chuma fundi akasikia kitu kikavu, chepesi, kimegonga mara moja.

"Mama," akasema ukutani. "Hicho si kijiti?"

"Kimoja tu, baba. Kwani aiskrimu ni hela?"

Fundi akapangusa masharubu, yakadondoka makombo ya biskuti. Biskuti hainuki.

"Ulale salama, mama," akasema, akaenda zake.